Salamu za Pasaka, pamoja na kumbukumbu ya kijana wetu aliyekwenda vitani

Ndugu, jamaa na marafiki, Kristo amefufuka! Ninawatakia Pasaka yenye amani na furaha, ninyi mliokusanyika nyumbani na ninyi ambao kazi, masomo au ugonjwa umewaweka mbali na wapendwa wenu. Nanyi msio wa imani yangu ninawasalimu kwa moyo uleule, kwa kuwa jambo ninalotaka tulikumbuke pamoja liliwagusa Watanzania wa dini zote.

Kila Pasaka, katika ukoo wetu, tunamwombea baba yangu mdogo aliyekufa katika vita ya Kagera mwaka 1979 angali kijana, kabla ya kuoa. Hakuwa askari wa kazi, bali mkulima wa mpunga huko Ulanga aliyepata mafunzo ya mgambo kijijini kama vijana wengi wa rika lake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera, na siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliutangazia umma kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Jeshi likapanuliwa kwa haraka, na pamoja na wanajeshi wa JWTZ wakaenda askari polisi, askari magereza, vijana wa JKT na mgambo kutoka mikoa mbalimbali. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Aliondoka akiwa amekwisha kukata miti ya dungu, yaani kibanda cha juu cha kuamia ndege, na kuilaza kando ya shamba, akamwagiza kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, alisimamishe mpunga utakapoanza kuchanua.

Ukiiweka kalenda ya Kanisa ya mwaka ule kando ya kalenda ya vita, utaona kwamba vijana hao waliiishi Kwaresima kwa namna ambayo sisi hatujawahi kuiishi. Masaka, huko Uganda, ilitekwa na majeshi yetu tarehe 24 Februari, na siku nne baadaye ikawa Jumatano ya Majivu. Entebbe ilichukuliwa tarehe 7 Aprili, siku moja kabla ya Dominika ya Matawi, na Kampala ikaanguka Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 11 Aprili, hata Pasaka ya tarehe 15 ikawakuta Watanzania wakiwa ndani ya mji huo. Mahali fulani kati ya Masaka na Kampala, katikati ya mfungo, ndipo baba mdogo alipoanguka. Zaidi ya hapo hatukuelezwa, na waliokuwa na haki ya kuuliza zaidi wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Katika barabara hiyo ndimo lilimo eneo la Lukaya, ambalo kila nikilisoma katika habari za vita hunifanya nitulie kwa muda. Tarehe 10 Machi askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin, pamoja na majeshi yake mwenyewe, waliwashambulia watu wetu hapo kwa makombora mazito. Brigedi ya 201, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mgambo, ilipatwa na hofu na wengi wakarudi nyuma, kwa sababu hawakuwa wamewahi kukutana na moto wa namna ile. Makamanda waliwakusanya tena usiku, na asubuhi iliyofuata, Brigedi ya 208 ilipokuwa imezunguka ili kumpiga adui kutoka upande mwingine, watu walewale waliokuwa wamekimbia jioni wakarudi kupigana, na adui akashindwa. Sioni aibu hata kidogo kuandika kwamba walikimbia. Miezi michache tu nyuma walikuwa wameshika jembe, na kwangu mimi kule kurudi kwao, wakiwa wamekwisha kujua kinachowangoja, ni ushujaa mkubwa kuliko wa mtu ambaye hakuwahi kuogopa.

Habari ya kuanguka kwa Kampala ilimkuta bibi yangu shambani, akikaa katika lile dungu, maana Aprili huko kwetu ndege huushambulia mpunga tangu kuchomoza kwa jua mpaka linapozama. Mtu alikuja mbio kutoka nyumba iliyokuwa na redio, na shamba kwa shamba watu wakaanza kupiga vigelegele. Bibi naye aliteremka, akapiga vigelegele, akaimba na wenzake hadi Pasaka yenyewe, huku akihesabu kwamba mwanawe angerudi kabla mpunga haujaingizwa ghalani. Taarifa ya kifo ilifika baada ya mavuno. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na umri wa kuweza kumuuliza, alinijibu kwamba hakujuta kushangilia siku ile, kwa sababu watoto wa wenzake walikuwa hai na walistahili kushangiliwa. Sijasikia mahubiri ya Pasaka yaliyoniingia kuliko jibu hilo.

Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa, ambako Wakristo na Waislamu wamelala pamoja. Baba yangu alifika huko mara moja tu, maana kutoka Ulanga hadi Kagera ni safari ya kuikata nchi karibu yote. Alipita pia Kyaka, ambako magofu ya kanisa lililobomolewa wakati wa uvamizi bado yamesimama, na aliporudi alizungumza juu ya kuta zile kuliko alivyozungumza juu ya kaburi la mdogo wake. Nadhani la kaburi lilikuwa zito mno kulisema.

Katika sikukuu hii ninawaombea pia akina mama wa Uganda na wa Libya ambao wana wao hawakurudi kutoka Lukaya, kwa kuwa vijana wale nao walitumwa. Vilevile ninazikumbuka familia za walinda amani wetu waliouawa Semuliki, huko Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, zilizoingia Krismasi ya mwaka ule zikiwa matangani.

Kwa wale mnaokwenda nyumbani siku hizi, nina ombi moja. Vijana wa mwaka 1979 waliorudi salama sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Mkishakula, ketini nao, waulizeni majina ya wenzao ambao hawakurudi, mahali walikotoka na nani alibaki nyumbani kwao, kisha yaandikeni hayo kwenye daftari pamoja na majina ya ukoo wenu. Sisi tutakuwa na misa ya kumwombea baba mdogo Jumatatu ya Pasaka asubuhi, na yeyote mwenye jina analotaka liombewe anitumie kabla ya Jumamosi Kuu, nami nitaliweka katika nia za misa hiyo.

Pasaka njema kwenu nyote na kwa wote walio nyumbani mwenu.