Ile santuri ya mama yako

Mombasa, Jumapili usiku

Ndugu yangu Athumani,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, joto tu. Kombo anakusalimu, na lile deni asema analikumbuka (kukumbuka ndiko anakokuweza). Miezi miwili umeniuliza ununue mashine gani ya kuoshea santuri, nami kimya. Sikuwa na shughuli, ndugu yangu. Nilikuwa naona haya. Nitakwambia, ngoja kwanza tuzimalize mashine.

Yangu unaijua. Unatia dawa, unasugua kwa brashi santuri ikizunguka, kisha ule mkono wenye mahameli unafyonza maji na uchafu wake. Inatoka kavu. Ila kelele! Jirani aliniuliza kama nimefungua kinu. Ya Kombo ni altrasoniki: santuri inasimama wima, sehemu yake ya chini majini, na maji yanatetemeshwa mara 40,000 kwa sekunde hadi viputo vipasukie mle ndani ya mifereji, brashi isikofika. Anatumia yale maji ya kutilia betri ya gari. Muuza duka keshamuuliza ana magari mangapi.

Tulijaribu santuri moja ya rumba iliyoota kuvu stoo. Kwangu kuvu lilitoka, mtatariko ukabaki. Kwake mtatariko ulipungua hadi nikanywea. Lakini yake haifyonzi: uchafu unabaki ukielea humo humo, na santuri ikijikaukia yenyewe unaigandia tena. Tukairudisha kwangu kufyonzwa, ndipo ikanyamaza. Tena zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika kwake hazifiki majini, mhimili umepimwa kwa kubwa. Na maji yakipata moto ni hatari, santuri hupinda, kwa hiyo kila baada ya tatu nne anaizima tunakunywa kahawa.

Basi wewe anza na ya kufyonza. Hiyo ya viputo itakuja pesa zikizidi.

Sasa ile haya yangu. Ile santuri nzito ya taarabu ya mama yako, ya mizunguko 78 kwa dakika, uliyoniachia. Dawa yangu ina spiriti. Zile za zamani si plastiki, ni shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha. Nayajua haya, nimewaambia watu haya! Nikaona brashi inageuka nyeusi, nikafurahi, nikasema uchafu huo unatoka. Kumbe inayotoka ni santuri yenyewe. Upande mmoja umefifia kama kioo cha zamani, sindano inateleza tu. Ule wa pili sikuugusa, unaimba. Ya Siti binti Saad, ile iliyorekodiwa Bombay 1928, ingali kwenye karatasi yake, wallahi hata sijaifungua.

Bi Mkubwa anajua kama ninayo? Upande aliokuwa akiupenda ni upi, huu nilioua au ule mwingine? Nimwambie mwenyewe nikienda Idi, au utatangulia wewe? Na huko Maskati, wale wazee wa sokoni, hawana nakala? Uliza bei, hata kama ni kubwa.

Wako,
mwenye brashi