Nauli ya kurudi ipo kisheria, ya kwendea je?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba na mikopo hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowanyang'anya vijana wetu kazi nzuri wakiwa wameshazipata: gharama ya kuhamia kazini.

Hivi karibuni kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi umeme mwenye cheti, aliitwa kazini katika kiwanda kimoja kule Namanve, karibu na Kampala. Mshahara ulizidi maradufu kile anachookoteza hapa kwa kuvuta nyaya na kutengeneza pasi. Alitujia na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: nauli ya basi, chumba kimoja Kireka, laki moja na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu mkononi, godoro, sigiri, sufuria mbili, boda na chakula mpaka siku ya mshahara. Jumla ilipita laki nane. Kiwanda kilimpa wiki moja awe ameripoti. Sasa katiba ya kikundi chetu inaruhusu mkopo wa biashara, ada ya shule na matibabu tu, safari ya kazi haimo. Wanachama wakabishana, wiki ikaisha, nafasi akapewa mwingine anayeishi huko huko.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sheria yetu imeshakubali kuwa umbali ni gharama. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 kinasema mfanyakazi aliyeajiriwa mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao ana haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri mkataba wake unapokwisha. Aliyetumikia miaka 10 hurudishwa bila kujali aliajiriwa wapi. Ni haki njema, wala sitaki iguswe. Lakini anayerudi ni yule aliyefanikiwa kufika! Watumishi wa serikali wanapohamishwa, kanuni zao zinatambua posho ya usumbufu, ingawa wengi wataniambia huchelewa. Kijana anayekwenda kwa mwajiri binafsi hana hata hiyo ya kuisubiri.

Hebu tazama wasichana wanaokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za ndani. Tiketi ya ndege kwa kawaida hulipwa na mwajiri wa kule. Binti wa Arua hulipiwa safari ya kuvuka bahari, na akiitwa kazini Mukono, hapa hapa nchini, ajitafutie mwenyewe. Tunawalaumu kwa kukimbilia ughaibuni, na ukweli ni kwamba mlango huo ndio uliowekewa nauli.

Wengine watasema zipo fedha za serikali. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, ule wa PDM ulioanza 2022, hutoa shilingi milioni moja kwa kaya kwa ajili ya mradi: kuku, nguruwe, kahawa. Barua ya ajira si mradi. Akiba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo, hata baada ya marekebisho ya 2022, kwa kawaida haiguswi na aliye kazini kabla ya kustaafu ila awe na umri wa miaka 45 au zaidi na amechangia miaka 10, naye hupewa asilimia 20 tu. Wenye ulemavu wamelegezewa masharti. Kijana wa miaka 25 anabakiwa na mkopeshaji wa mtaani, anayeshika kitambulisho na kutoza riba kila mwezi. Nimeona mishahara ya kwanza, ya pili na ya tatu ikiishia huko.

Ninachoomba kwa waajiri ni hiki: mkimwita mtu kutoka zaidi ya kilomita zile zile 100, mpeni sehemu ya mshahara kabla hajasafiri, na makato yapangwe kwa maandishi kwa miezi sita au zaidi. Najua mnaogopa atachukua fedha asionekane. Basi mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja, na tiketi ya basi ikatwe na ofisi. Anayeajiri fundi kwa miaka hawezi kushindwa na kodi ya chumba cha miezi mitatu.

Na kwa wabunge wetu wa West Nile, eneo letu hili: Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira mwaka 2023, Rais akayarudisha bila kutia sahihi. Marekebisho ya sheria hiyo yakija tena mezani, ongezeni aya moja kuhusu safari ya kwenda.

Sisi nasi hatukukaa kimya. Katika mkutano uliopita wanachama wameridhia mkopo wa kuhamia kazini, mwombaji alete barua ya ajira na mdhamini mmoja, aanze kulipa baada ya mshahara wa pili. Mfuko ni mdogo, hautatosha zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja. Mwajiri yeyote aliye tayari kukata marejesho kutoka kwenye mshahara na kututumia, tunaomba aandike hivyo ndani ya barua ya ajira yenyewe, nasi tutamkopesha kijana siku hiyo hiyo.

Mweka hazina,
Arua