Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Huu Nepia Ilitutoa Jasho

Wanachama wenzangu, wazee wetu na kina mama, salamu sana. Wengi mlitoka kabla nisimame juu mvua ilikuwa imefunga upande wa mlima na ng'ombe hawajui mambo ya mkutano mkuu, saa ya kukamuliwa ikifika imefika, kwa hivyo naandika hapa yale nilikuwa nataka kusema. Pesa mhazini amesoma, sirudii.

Kilio cha mwaka huu ni chakula cha ng'ombe. Kamati ilipopita kwenye maboma yenu tumekuta nepia, ile nyasi ndefu tunakatia ng'ombe, imekuwa ya manjano karibu kila mahali, majani madogo madogo, machipukizi mengi chini lakini hakuna hata moja linainuka, unakata mara mbili tatu halafu shina linakufa kabisa. Watu wanamwaga CAN, ile mbolea ya dukani, wakidhani udongo umechoka. Hapana jamani. Huo ni ugonjwa wa kudumaa na wala si mgeni, ulionekana hapa hapa kwetu Bungoma mwaka wa 1997, unaletwa na fitoplasma, ni kijidudu jamii ya bakteria, macho hayakioni, na kinasambazwa na mdudu mdogo wa kurukaruka anayefyonza majani. Dawa ya kupuliza haipo.

Lakini mdudu tunamsingizia sana. Njia kubwa ni hii tabia yetu ya kuombana mbegu, yaani vipande vya shina vya kupanda, jirani anakukatia mzigo unabeba na asante juu, kumbe ugonjwa umepanda na wewe bodaboda mpaka kwako. Na kuna muuzaji mmoja, simtaji, alileta mbegu ilikuwa inapendeza kweli, imekatwa ndio mara ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanashikwa, nepia inaweza kuwa mgonjwa na isionyeshe mpaka uikate, ikichipuka upya ndio unaona. Kwa hivyo tukubaliane hivi, mbegu itoke tu kwenye shamba limeshakatwa na likachipuka likiwa safi, na kamati ilione kwanza. Shina likiwa na ugonjwa ling'olewe na mizizi yote, lichomwe, lisitupwe kando ya barabara mahali mwenzako atapita aokote.

Wengine mnaniuliza si tupande ile aina ya nepia inaitwa Kakamega 1 tumalizane. Hiyo iliteuliwa kwa ugonjwa mwingine, ile smati ya unga mweusi kwenye kichwa ambayo imesumbua sana watu wa Kenya ya Kati. Kwa kudumaa, zile zimeonyesha kuvumilia ni Ouma na ile inaitwa South Africa. Kuvumilia, sijasema haziguswi, bado utatembea shambani ukiangalia.

Sasa kupanda. Tumbukiza, yaani kupanda nepia kwenye mashimo, ndio njia ya mtu mwenye robo ekari na huku kwetu wengi wetu ndio hao. Shimo futi 2 upana, futi 2 kwenda chini, udongo wa juu weka upande mmoja ule wa chini upande mwingine, halafu rudisha wa juu ukiwa umechanganywa na mbolea ya boma iliyoiva, debe moja hivi kwa kila shimo, na usijaze mpaka juu, acha kama sentimita 15 maji yapate pa kukaa. Pandikiza vipande 5 mpaka 10, kila kimoja kiwe na macho matatu, yale mafundo ya kuchipukia, mawili yaingie kwenye udongo, kilale mshazari. Kuchimba ni kazi ngumu, sitawadanganya, vijana wanadai pesa na wana haki, lakini Januari shimo bado lina unyevu wakati nepia ya mistari imekauka. Kata ikifika kimo cha mita moja. Mnaongoja ikue kama miwa mnalisha ng'ombe kuni halafu mnalalamikia deri mili, ile chakula ya dukani.

Brakiaria pia imeingia kwetu. Ni nyasi ya Afrika hii hii, ilipelekwa Amerika Kusini, huko Kolombia wakatengeneza Mulato II, sasa inaturudia na mbegu bei yake si mchezo. Inavumilia kiangazi na majani ni laini, ila Mulato II utitiri mwekundu unaipenda. Mbegu ni ndogo, ukifukia zaidi ya sentimita 2 umepoteza pesa. Wenye mahindi, pandeni brakiaria kuzunguka shamba na desmodiamu, mmea wa jamii ya maharagwe, katikati ya mistari, ile vuta-sukuma watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita wamefundisha miaka mingi, nondo wa kutoboa mahindi anavutwa nje, kayongo, lile gugu linanyonya mahindi, inapungua, na ng'ombe anakula zote mbili.

Mvua ndefu ikianza kamati itagawa mbegu ya Ouma kutoka kwa ploti ya kikundi. Haitatosha wote, tutaanza na wale wameshang'oa zile za manjano na mashimo yako tayari. Kama hujachimba usinipigie simu usiku.