Msaada wa ukame uangalie shamba na zizi, si idadi ya walaji pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya msaada tunaopewa wakulima na wafugaji wa Dodoma mvua zinapokatika.

Msimu wa 2021/22 mvua zilichelewa, zikaja haba, zikakatika mtama ukiwa unachanua. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Ukiukosa huo, umekosa mwaka mzima. Mimi nilikuwa na ekari nne za mtama na alizeti, na ng'ombe kumi na mmoja. Ilipofika Oktoba tukawa tunaamka alfajiri kuinua ng'ombe. Asiyefuga huenda hajawahi kuliona jambo hili. Ng'ombe aliyedhoofika akilala usiku hawezi kusimama mwenyewe. Watu wawili hupitisha mti chini ya tumbo, wa tatu hushika mkia, mnamnyanyua na kumshikilia mpaka miguu iache kutetemeka, ndipo mnahamia kwa mwingine. Akishindwa siku ya tatu, kinatafutwa kisu. Kwangu walikufa saba, maksai wangu wote wawili wakiwemo. Wengine wawili niliwahi kuwafikisha mnadani; fedha niliyopata kwa wote ilinunua magunia mawili ya mahindi.

Msaada ulikuja, na nashukuru. Mahindi yale yalisagwa, watoto wakala. Lakini afisa aliyekuja kuandikisha aliuliza swali moja: kaya ina watu wangapi? Hakuuliza ekari ngapi zimekauka, wala zizini kumebaki nini. Jirani yangu aliyefiwa na zizi zima alipata sawa na mtu ambaye hajawahi kufuga hata mbuzi. Mvua zilipoanza tena, tulikuwa hatuna mbegu wala maksai wa kulimia. Wengi wetu tukaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wenzetu, wiki zilezile ambazo mashamba yetu yalitakiwa kupandwa. Njaa ya mwaka unaofuata huanzia hapo.

Ndugu Mhariri, nyenzo za kufanya vizuri zaidi zipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Wakulima tumesajiliwa kwa ajili ya ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, kila mtu na namba yake. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, imelipa kaya maskini fedha taslimu kwa miaka mingi. Kwa nini basi mkulima asifidiwe walau sehemu ya alichopoteza kwa njia hizohizo?

Naomba hasara ihesabiwe mizoga ikiwa bado ipo na mabua bado yamesimama, badala ya kungoja miezi sita ndipo mtu aje na daftari. Kisha orodha isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewahi kuona orodha ikipelekwa juu na kurudi na majina tusiyoyajua, na hatukuwa na wa kumuuliza. Mbele ya mkutano huwezi kuandikisha ng'ombe kumi ulipokuwa na watatu. Wanakijiji wanawajua ng'ombe wako kwa rangi zao.

Wapo wanaotuambia tukate bima ya kilimo. Ni jambo jema, na siku moja tutafika. Ila bima hulipiwa kabla ya kupanda, na huo ndio wakati ambao nyumba nyingi za huku hazina hata fedha ya mbegu. Aliyekwisha kupoteza mifugo hawezi kuanzia kwenye bima.

Malipo yafike kabla Novemba haijaisha, mtu anunue mbegu ya mtama na akodi maksai wa jirani.

Mkulima na mfugaji,
Dodoma