Mwanangu, mshahara umerudi lakini bei hazikurudi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu. Sisi hatujambo.

Nimefurahi mno kusikia mshahara wako umerudishwa wote na mkeo naye ameitwa tena kazini. Umeniuliza kama sasa mnaweza kuhamia nyumba kubwa na kuchukua mkopo wa gari. Sikujibu haraka, maana naona kipindi kile cha UVIKO-19 unakihesabu kama ajali iliyokwisha kupita, na mimi sikioni hivyo.

Tumezoea shida inayobisha hodi mlango mmoja mmoja. Huyu kaachishwa kazi, yule kalazwa, wengine wanachanga. Aliyechangiwa leo, kesho naye anachangia. Utaratibu huo ni mzuri na sikwambii uuache. Ila janga lilibisha hodi milango yote siku moja. Uliyezoea kumkopa naye alikuwa anatafuta wa kumkopa. Kikundi cha kuweka na kukopa kikajikuta kila mwanachama anaomba, hakuna anayeweka. Mwenye nyumba unayemwomba akuvumilie kodi naye anadaiwa na benki. Hata aliyeamua kuuza vitu alikuta wauzaji tele na wanunuzi hakuna, vikaenda kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo ndugu ni akiba, sibishi, lakini si akiba ya janga. Ya janga lazima kila nyumba iwe na yake.

Iwe kiasi gani? Washauri wa fedha wengi husema matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Sasa, Shirika la Afya Duniani lilianza kuuita ugonjwa ule janga tarehe 11 Machi 2020, na lilipoondoa hali ya dharura ilikuwa tarehe 5 Mei 2023. Ukiitazama miaka hiyo unaweza kusema akiba ya miezi sita ni kichekesho. Si kichekesho. Akiba haikuwekwa ikulishe miaka mitatu. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kujipanga upya bila kukimbilia kwa mkopeshaji wa kwanza anayejitokeza. Na hiyo miezi uihesabu kwa matumizi ya lazima tu: kodi, chakula, dawa, umeme, maji, nauli, ada. Usiihesabu kwa mshahara mzima, utakata tamaa kabla hujaanza.

Jambo jingine ni kuchelewa. Wengi mapato yalipokatwa waliendelea kuishi vilevile, wakisema ni wiki chache tu. Magonjwa ya namna hii hayana tabia hiyo. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ilikuja kwa mawimbi, na wimbi la pili, la miezi ya mwisho ya mwaka ule, ndilo lililoua watu wengi zaidi. UVIKO nayo ilirudi na aina mpya ya kirusi iitwayo Delta, kisha ikarudi na nyingine, Omicron, mwishoni mwa 2021. Mapato yakipungua, matumizi nayo yapungue mwezi uleule. Kama hofu haikutimia, utakuwa umebaki na fedha. Hakuna aliyekufa kwa kubaki na fedha.

Sasa tuje kwenye mikopo, maana hapa ndipo nina mengi. Mlipoahirishiwa marejesho mlishukuru Mungu, na mlikuwa na haki ya kushukuru. Lakini kuahirishiwa si kusamehewa. Mikopo mingi iliyosimamishwa iliendelea kuhesabiwa riba kimyakimya. Chukua mkopo uliobaki 1,000,000 wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Ukikaa miezi sita bila kulipa, na riba ikiongezwa kwenye deni kila mwezi, unarudi kulipa ukidaiwa zaidi ya 1,093,000. Hujakopa hata senti mpya. Nenda ukaombe taarifa ya mkopo wenu, uangalie salio la siku mliposimamisha na salio la siku mlipoanza tena. Hiyo tofauti ndiyo bei ya kuahirisha, na ilipe mapema mkataba ukiruhusu, kabla haijakua.

Na huo mkopo wa gari unaousifia kwamba riba yake ni asilimia 12 tu, umeuliza ni 12 ya nini? Kuna riba inayohesabiwa kwa deni lililobaki, na kuna inayohesabiwa kwa deni lote la mwanzo hadi siku ya mwisho. Ukikopa 120,000 kwa mwaka mmoja kwa namna ya pili, riba ni 14,400, unalipa 11,200 kila mwezi. Inaonekana nafuu. Lakini kufikia katikati ya mwaka karibu nusu ya fedha yao umeshairudisha, na bado unalipia riba kana kwamba unayo yote mkononi. Riba yake halisi inazidi asilimia 20. Ofisa wa mikopo hatakudanganya ukimuuliza, ila usipouliza hana haraka ya kukwambia.

Wanasema akiba haiozi. Mwaka 2022 uliwaonyesha watu kuwa inaoza. Viwanda vilikuwa vimesimama, meli zimechelewa, serikali nyingi zimemwaga fedha kuwaokoa watu wake, kisha vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mafuta na nafaka. Marekani mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, Uingereza asilimia 11.1 Oktoba mwaka huohuo, na kwingine ulikuwa mkali kuliko hapo. Aliyefungia 1,000 kabatini katika mwaka wa asilimia 9.1, mwisho wake bado ana 1,000, lakini zinanunua kile ambacho zamani kilinunuliwa kwa kama 917. Halafu ukisikia redioni kwamba mfumuko umeshuka, usidhani bei zimeshuka. Zimeacha kukimbia tu, sasa zinatembea, na zinatembea kwenda mbele. Ndiyo maana mshahara wako, japo umerudi kama ulivyokuwa, ni mdogo kuliko ulivyokuwa. Bajeti ya zamani itupe, andika mpya kwa bei za leo.

Hata hivyo, usiikimbize akiba yote kwenye kitu chenye faida kubwa kwa kuogopa kuoza huko. Fedha ya dharura ikae mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku moja au mbili, hata kama faida yake ni kidogo. Wakati wa janga matapeli waliofuata watu kwenye simu zao na ahadi za kuzidisha fedha mara mbili walipata wateja wengi, kwa kuwa mtu mwenye hofu hahesabu vizuri.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Janga lilifanya kitu ambacho magonjwa mengine hayafanyi sana: lilimtenga mgonjwa. Kuna nyumba ambazo baba aliingia wodini na mke hakuruhusiwa kumfuata, na fedha zote zilikuwa kwenye akaunti yake yeye, nywila anaijua yeye, karatasi za bima amezificha yeye. Chakula cha watoto kikakosekana na fedha ipo. Fungueni akaunti moja ya pamoja yenye matumizi ya mwezi mzima, ambayo kila mmoja anaweza kutoa peke yake. Andikeni kwenye daftari moja: mnadaiwa na nani, mnamdai nani, bima ni ya kampuni gani na inalipa nini, mrithi aliyeandikwa kazini kwako ni nani (mara nyingi huwa ni jina lililoandikwa kabla ya ndoa, kalitazame). Mkeo alijue daftari hilo lilipo, nawe usimwone anakuchunguza.

Basi, jibu langu. Nyumba mliyonayo inawatosha kwa sasa. Ile fedha ya nyongeza inayopatikana kwa kuwa mnafanya kazi wawili, ishini kama haipo kwa mwaka mmoja: kwanza mmalize riba ya kuahirisha, kisha mjaze akiba. Gari, kama ni la kukuingizia kipato, tuzungumze. Kama ni la kwendea kazini, linganisha marejesho, mafuta, bima na matengenezo na nauli mnayotoa sasa, uniletee hesabu. Na kabla hujaweka sahihi popote, nipigie picha ukurasa wa masharti ya riba unitumie. Miwani mipya ninayo.

Wabusu wajukuu.

Mama yako