Wajat si wakulima tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Wajat wa kaskazini mwa India iliwaita wakulima, ikaishia hapo. Imenisikitisha, maana wenyewe hawajielezi hivyo. Wazee wao husimulia kwamba Sati, mke wa mungu Shiva, alipokufa kwenye kafara ya baba yake Daksha, Shiva aling'oa msokoto wa nywele zake, akaubamiza chini, akachomoza shujaa Virabhadra. Jina Jat wanalitoa kwenye jata, nywele zilizosokotana.

Ukoo wa Sinsinwar, uliotoka kijiji cha Sinsini, hujinasibisha na mungu Krishna, wa uzao wa mfalme Yadu. Ndio waliotawala dola ya Bharatpur. Mwaka 1805 jeshi la Waingereza liliishambulia ngome yao ya Lohagarh mara nne bila kuiteka. Risasi za mizinga zilizama tu kwenye kuta nene za udongo. Ukoo wa Sidhu, uliotawala dola ya Patiala, nao hujiunganisha na Jaisal, mwanzilishi wa mji wa Jaisalmer.

Sisemi kila nasaba ina ushahidi wa maandishi. Ila hadithi hizi ndizo zilizowapa watu wa jembe ujasiri wa kudai viti vya enzi. Mwandishi wenu airudie mada hii, tafadhali.

Msomaji wenu,
Tanga