Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Meya: Pimeni Kelele, Msizime Maiki

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kuhusu sheria ndogo iliyo mezani kwa baraza lako, ile itakayokataza karaoke katika baa zote za mitaani kuanzia saa mbili usiku, baa iwe kubwa au ndogo, sauti iwe ya juu au ya chini. Sina baa wala hisa kwenye baa ya mtu. Mimi ni mwimbaji wa karaoke wa kila Alhamisi, mwaka wa sita sasa.

Majirani wana haki, na nalisema hili kwa kuwa nimewahi kupanga chumba kilichopakana ukuta na baa. Anayeamka alfajiri kwenda kazini hastahili kukesha. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa sauti ya mwimbaji. Ilikuwa besi, du, du, du, hadi glasi ya maji pembeni mwa kitanda inatetemeka. Sauti nyembamba hukwama kwenye ukuta na mlango uliofungwa, besi hupenya. Tulipokwenda kumwona mwenye baa tukakuta spika iko sakafuni, mgongo umeegemea ukuta wetu. Akaipandisha kwenye stendi, akaisogeza mbali, akapunguza besi kwenye miksa. Usiku uleule nililala, na wao wakaendelea kuimba.

Ndiyo maana naomba mpime. Desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, hazihesabiwi kama kilo: zikipungua 10 tu, nguvu ya sauti imebaki sehemu moja ya kumi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi za burudani, kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, na sauti ifuatiliwe kwa kipimo. Kiwango hicho kinalinda masikio ya walio ndani, kwa hiyo cha chumbani kwa jirani lazima kiwe cha chini mno. Kiwekeni, na anayekizidi apokonywe leseni. Nitawaunga mkono.

Saa mbili, Mheshimiwa, ndiyo kwanza watu wametoka kazini, wameoga, wamelaza watoto. Kukataza saa hiyo ni kuifuta karaoke kabisa.

Na sheria yenu inaiweka kapu moja na disko. Daisuke Inoue, mmoja wa waliobuni mashine ya karaoke, alikuwa mwanamuziki wa baa mjini Kobe, Japani, akiwapigia ala wateja waimbe. Mwaka 1971 akatengeneza mashine ya kufanya kazi hiyo hata asipokuwepo. Tangu mwanzo mhusika mkuu alikuwa mteja, mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani.

Nina mfano wa karibu. Mama mmoja alikaa meza ya pembeni wiki tatu, anapekua orodha ya nyimbo, anaifunga. Wiki ya nne akaandika jina lake. Alishika maiki kwa mikono miwili, macho kwenye skrini, maneno yanabadilika rangi na yeye yuko nyuma. Beti ya pili sauti ikamkatika. Meza ya jirani ikadaka kiitikio, ukumbi mzima ukafuata, na beti ya tatu akaibuka nayo peke yake, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye hakujua anayo. Siku hizi asipoonekana Alhamisi mbili, kuna mtu humpigia simu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilinganisha madarasa ya watu wazima ya uimbaji, ya kazi za mikono na ya uandishi, wakakuta waimbaji ndio waliozoeana haraka zaidi. Sisi tulikuwa tumeshaliona hilo kwa macho.

Kabla ya kura, tafadhali mtume afisa wenu wa mazingira na kipimo chake, Alhamisi yoyote saa tatu usiku. Asisimame mbele ya spika. Aombe ruhusa aingie chumba cha jirani, afunge dirisha kama mtu anayetaka kulala, apime hapo, kisha arudi tena saa tano. Mimi nitamsindikiza kubisha hodi, na namba atakayoiandika, iwe ya kutubeba au ya kutuhukumu, nitaipokea.

Wako mtiifu,
Mkazi wa jiji, mwimbaji wa Alhamisi